Tumbaku Niliyoichoma Bigwa

Kazi yangu ni kuhesabu watu ambao hawatakufa. Nikisema hivyo msibani au kwenye foleni ya benki watu huniangalia kwa huruma, kwa hiyo siku hizi nasema tu kwamba nafanya kazi za kompyuta, yakaishia hapo. Ofisi yetu iko karibu na stendi ya Msamvu, Morogoro, juu ya duka la mabati, na kutwa nzima nasikia wapiga debe wakigombania abiria wa Dodoma na Iringa huku mimi nikigombana na jedwali. Ushuru wa sigara ukipanda, watu wangapi wataacha? Ikikatazwa kuuza sigara mojamoja, je? Wavutaji wakifukuzwa baa na stendi, je? Hakuna mwenye muda wa kusubiri mpaka wajukuu wazeeke ndipo aone. Basi tunawaigiza watu ndani ya kompyuta. Tunawazeesha, tunawavutisha, tunawaua, halafu tunaanza upya tukiwa tumebadilisha sheria moja.

Nimechoka na kazi hii, bora niseme mapema. Siichukii. Kinachonichosha ni kitu kimoja ambacho wageni wanaokuja kusikiliza matokeo yetu hawakiulizi, maana wao wanataka namba ya mwisho na chai. Kabla hujasema sheria itaokoa watu wangapi, lazima kwanza useme kingetokea nini kama sheria isingekuwepo. Sisi ofisini tunakiita mstari wa kuanzia. Unachorwa kwanza, na kila kitu kinapimwa kutoka hapo. Tatizo ni kwamba mstari huo hakuna aliyewahi kuuona. Ni wa kudhania. Ukidhani wavutaji wangebaki vilevile miaka yote, ushuru unaonekana shujaa. Ukidhani walikuwa wameshaanza kupungua wenyewe, polepole, ushuru uleule unaonekana kama mtu aliyefika shambani palizi imekwisha, naye anajipangusa jasho.

Hayo nilikuwa nayajua. Nawafundisha hata vijana wanaokuja kwetu kwa mafunzo, nawafundisha kwa ukali kabisa. Ndiyo maana habari ya mama inaniudhi mpaka leo.

Mama alishuka kutoka mlimani kiangazi kilichopita kwa sababu ya kikohozi. Kwetu ni juu, Uluguru. Unakwenda na bodaboda mpaka dereva aseme hapa ndiyo mwisho wangu mama, kisha unapanda kwa miguu, migomba kushoto, bonde kulia, mpaka magoti yaanze kukuambia umri wako. Mimi niliondoka kule mdogo kwenda shule ya bweni, na baada ya hapo ikawa chuo, kazi, ndoa, watoto, na nyumba Bigwa, chini kabisa ya mlima. Nikiwa naanika nguo uani naona kule kwetu. Kupanda napanda mara chache, kwa msiba au harusi, na nikifika nakuwa na haraka ya kushuka.

Basi nikamleta mama kwangu, nikamfungulia mizigo yake chumbani. Khanga, jembe lake lisilo na mpini, maharage ya mbegu, na kopo la zamani la maziwa ya unga. Nikalifungua kopo. Ndani kulikuwa na tumbaku, majani makavu yamesokotwa na kufungwa kwa ganda la mgomba, na harufu yake ikanirudisha utotoni papo hapo. Picha niliyokuwa nayo ya mama ni ile ya zamani: jioni, amenyoosha miguu mbele ya jiko, msokoto mdomoni, mimi ndiye niliyetumwa kaa la kuuwashia. Nikajisemea, kumbe bado. Mwanamke mzima na mapafu yake yale, bado anavuta.

Hospitali walimpima kifua kikuu, hamna. Wakampiga picha ya kifua. Daktari alikuwa kijana, mpole, amechoka kama mimi. Akamuuliza mama, "Bibi, unatumia tumbaku?"

Nikajibu mimi. "Tangu nizaliwe."

Mama aliinamisha uso, akawa anavuta uzi kwenye pindo la khanga yake. Daktari akaandika. Alikuwa amefungua mdomo aulize swali jingine, lakini jibu langu lilikuwa limeshamtosha, na foleni nje ilikuwa imefika hadi mlango wa maabara. Akasema tumbaku iachwe mara moja na mgonjwa arudi akizidiwa. Nikamshukuru. Nilijisikia mtu wa maana siku ile, binti anayejua afya ya mama yake.

Tulipofika nyumbani nililichukua lile kopo, nikaenda nalo kwenye shimo la takataka nyuma ya nyumba, nikamwaga tumbaku yote, nikaiwasha kiberiti. Iliwaka taratibu. Moshi wake ukaingia ndani kwa dirisha la jikoni, na mama, aliyekuwa amesimama pale dirishani ananiangalia, akaanza kukohoa.

"Unaona?" nikamwambia. "Hata moshi wake tu."

Mama aliendelea kuangalia shimo mpaka likapoa.

Jioni ile tuliwekeana masharti, au tuseme niliyaweka mimi. Atakaa kwangu mpaka asahau tumbaku na kikohozi kiishe, ndipo arudi. Mama aliuliza jambo moja tu. "Na shamba langu?"

Hapo lazima nieleze. Kwetu ardhi ni ya ukoo, na ukoo ni wa mama. Shamba la mama alipewa na mama yake, naye alipewa na mama yake, lakini mwenye kauli ni mjomba, kaka mkubwa wa mama, na kanuni yake haina ugumu: shamba ni la anayelilima. Mvua zikianza na halijaguswa na jembe, mjomba anaweza kumpa mwanamke mwingine wa ukoo mwenye watoto wa kulisha. Hakuna anayeona ubaya wowote. Mama hana kingine duniani. Hana pensheni, hana nyumba ya kupangisha. Ana kile kipande kwenye mteremko, mahindi na maharage na migimbi kando ya maji, na pale ndipo jina lake lilipo. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mvua bado, ataondoka mapema.

Kikohozi kilipungua. Sikuamini. Wiki za mwanzo bado alikuwa anaamka nacho, kisha kikawa cha asubuhi tu, kisha nikawa nakaa nasikiliza na sisikii kitu. Anapanda ngazi za barazani bila kushika ukuta. Nikirudi kazini namwambia, "Mama, umeona?" Naye anasema, "Nimeona." Nilimhadithia kila mtu. Niliihadithia habari hiyo mpaka kwa muuza mchicha.

Lakini mama mwenyewe hakuwa na raha. Nyumba ya Bigwa haina kazi ya kumpa mtu wa mlimani. Jiko ni la gesi, alikuwa akiliogopa kwa ule mlio wake wa kuwaka, kwa hiyo kupika napika mimi au watoto. Uani kuna michicha miwili mitatu ambayo alishaipalilia mpaka ardhi ikawa laini kama unga. Mchana anakaa kwenye ngazi za nyuma, uso mlimani. "Huku kwenu," aliniambia siku moja, "mtu anakaa mpaka anachoka kukaa." Nilicheka. Yeye hakucheka.

Mawingu yakaanza kushika vilele. Huku chini bado vumbi, lakini juu kule kunakuwa kweusi kuanzia saa nane mchana, na mama ananyanyua kidevu, anasema, "Kwetu inanyesha." Nilikuwa naona wazi anachoniuliza. Namwambia bado kidogo mama, tungoje tuhakikishe. Ukishazoea kazi kama yangu kila kitu unataka ukitazame kwa muda mrefu zaidi, na anayetazamwa anangoja.

Wakati huohuo ofisini tulikuwa tunamalizia ripoti ya ushuru. Bosi wangu ni mtu wa Kanda ya Ziwa, mkubwa wa mwili, mstaarabu, asiyepaza sauti. Alikuwa amekaa karibu yangu tunaangalia michoro, na mstari wangu wa kuanzia ulikuwa umenyooka kama reli. Wavutaji wa leo ndio wa kesho na keshokutwa, mpaka ushuru uingie.

"Dada," akasema, "umejuaje kwamba wasingeacha wenyewe?"

"Watu hawaachi hivihivi, bosi."

"Mimi niliacha hivihivi."

Sikujua hata kama aliwahi kuvuta. Nikamuuliza kilichomwachisha. Aliwaza kidogo, nafikiri alikuwa anatafuta jibu la kumpendeza mtaalamu.

"Nilichoka," akasema. "Siku moja nilikuwa nazungukazunguka kutafuta kiberiti, nikaona aah. Basi. Hapakuwa na tangazo wala ushuru. Mke wangu alikaa karibu mwezi mzima ndipo akagundua."

"Wewe ni mmoja."

"Sawa, mimi ni mmoja. Na hao wengine umewauliza?"

Nikamwambia tunazo takwimu za waliohojiwa. Akasema takwimu hizo ni za zamani, watu waliohojiwa wakati ule huenda wameshabadilika, na sisi tumewasimamisha palepale tulipowaacha. Alisema hivyo bila ubishi wowote, kama mtu anayesoma menyu. Nami nikawa mkali kidogo. Nilimweleza habari ya mama: miaka yote hiyo anavuta, asingeacha mpaka kaburini, na tazama, nimemtoa kule, nimeichoma tumbaku yake, na sasa anapumua. "Huo ndio mfano hai," nikasema. "Bila kuingilia, hakuna kinachobadilika."

Bosi akasema hongera kwa mama, akaacha mstari ubaki umenyooka. Ripoti ilikuwa inasubiriwa.

Jumamosi iliyofuata akaja mama mdogo. Ni mdogo wake mama wa tumbo moja, mwembamba, mcheshi, hushuka sokoni kuuza ndizi na karoti, na akishauza hupita kwangu kunywa chai. Safari hii alipitia kwangu kwanza, mkungu bado kichwani.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Mmenenepa huku. Hata dada yangu amekuwa mzungu." Akautua mkungu, akakaa, akashikwa na kikohozi. Kikohozi kilekile. Ningeweza kukitofautisha na vikohozi vyote vya dunia, kile kinachoanzia chini na kumfanya mtu afumbe macho.

Mimi na ualimu wangu nikaanza. "Mama mdogo, na wewe unavuta?"

"Nivute nini?"

"Tumbaku."

"Mimi?" Alimwangalia dada yake, kisha mimi. "Sijawahi kuitia mdomoni hata siku moja. Inanichefua."

"Na hicho kikohozi?"

"Si jiko, mwanangu. Kuni mbichi, nyumba haina dirisha. Nani kule kwetu hakohoi? Hebu njoo siku moja kanisani uwasikilize akina mama wakati wa sala ya kimya." Akacheka peke yake. Kisha akamgeukia mama, akamsemesha Kiluguru, haraka, na mimi Kiluguru changu ni cha nusu kikombe. Mama alikuwa na ungo wa mchele mapajani, anachambua mawe. Mama mdogo akarudia kwa Kiswahili, nadhani alitaka nimsaidie kupata jibu.

"Nauliza kopo liko wapi. Kaka ndiye kanituma. Mvua imeshapiga, watu wanataka kupanda, na makaburi hayajapelekewa tumbaku."

"Tumbaku gani?" nikauliza.

"Ya wazee. Ya tambiko, kabla jembe halijaingia. Kwani hujui kwamba mama yako ndiye mtunzaji?" Akaona sijui. "Tangu bibi yenu alipofariki. Yeye ndiye anaipanda, anaikausha, anaitunza. Na ndiyo sababu aliacha kuvuta. Anayetunza havuti. Angevuta si angekuwa anawaibia wazee?"

"Aliacha lini?"

"Siku aliyokabidhiwa. Wewe ulikuwa bado uko chuoni."

Nilimwangalia mama. Vidole vyake vilikuwa vinaendelea na mchele, jiwe moja, jingine, anayatupa pembeni. Lile kopo ambalo mimi nililiona nikajua anavuta, ndilo hasa kwa watu wote wa kule lilikuwa linaonyesha kwamba havuti. Mtoto mdogo wa pale kijijini angelifungua asingekosea. Nilihitaji kwenda shule miaka yote ile ili nikosee.

"Haya, liko wapi?" akauliza mama mdogo.

"Imeungua," akasema mama.

"Imeunguaje?"

"Imeungua tu."

Angeacha hivyo. Nina hakika angeacha hivyo, na mama mdogo angepanda mlima na jibu hilo, na ukoo mzima ungejiuliza dada yao amekuwaje huko mjini. Nikasema, "Niliichoma mimi."

"Uliichoma tumbaku ya wazee."

"Kwenye shimo la takataka."

Mama mdogo akaweka kikombe chini. Kisha akaanza kucheka, kwa chinichini, mabega yakitikisika, kicheko cha mtu ambaye hajaamua kama alie. Kicheko kikaleta kikohozi, na tukangoja kiishe. Alipopata pumzi alitoa ujumbe wake wote. Mjomba anafanya tambiko Jumatano. Baada ya tambiko kila shamba linaanza kulimwa, na la mama limeshika nyasi. Yupo binti mmoja wa ukoo, ana watoto wadogo watatu, ameliomba. Mjomba hajamkubalia, ila amesema hawezi kulala na shamba tupu. Mama akiwepo Jumatano, ni lake. Asipokuwepo, basi.

Mama mdogo alipoondoka kwenda sokoni nilibaki na mama barazani. Nilikuwa na aibu. Nilikuwa na hasira pia, tena hasira kwake yeye, na hilo lilinishangaza mwenyewe.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulinijibia mbele ya daktari," akasema. "Ulitaka nikuumbue mtoto wangu mbele ya mtu amevaa koti jeupe?"

"Ungeniambia nyumbani."

"Nyumbani ulikuwa umeshachoma." Akapeta mchele, akapuliza makapi. "Halafu kikohozi kikapungua. Ukawa unarudi kazini una furaha. Mama umeona, mama umeona. Nikasema mwache, yule mtoto hana furaha nyingi." Akaweka ungo chini. "Ila shamba, hapana. Shamba sikuachii. Nirudishe."

Mama alikuwa ameacha kuvuta miaka mingi kabla sijamwachisha. Kilichomponya kwangu ni jiko la gesi ambalo alikuwa hata haligusi, na ule moshi wa kuni ambao haukuwepo. Na mimi nilikuwa namrudisha kulekule kwenye moshi, kwa sababu kule ndiko kwake.

Jumatatu nilikwenda ofisini kuomba ruhusa. Kabla sijamwona bosi nilikaa kwenye kompyuta, nikaubomoa ule mstari. Niliuacha ushuke kidogo kidogo, wavutaji wakipungua wenyewe bila sisi, wengine kwa kuchoka, wengine kwa kanisa au msikiti, wengine kwa kukabidhiwa makopo ya ukoo, nani anajua. Nikaendesha upya. Ushuru bado ulikuwa unasaidia, sitaki mtu aseme nimesema haufai. Lakini wale watu wengi niliokuwa nimejivunia kuwaokoa, sehemu kubwa yao walikuwa wamejiokoa wenyewe. Mimi niliwakuta njiani nikawaandika kwangu.

Nikamwita bosi. Alisimama nyuma yangu mikono mfukoni.

"Imepungua sana," akasema.

"Imepungua."

"Na upi ni wa kweli?"

"Sijui. Huu umenyooka, huu unashuka. Labda upo wa tatu ambao hatujaufikiria kabisa, kitu kingine ambacho hatukukiuliza."

Akavuta kiti, akakaa, akajifuta uso kwa kiganja. Alisema itabidi tuweke yote miwili, na wale waliotuagiza kazi watakasirika, wao hupenda mstari mmoja. Nikamwambia wakasirike. Akaniuliza hali ya mama. Nikamweleza yote, shimo la takataka na kila kitu, na yeye hakucheka, jambo ambalo bado namshukuru kwalo. Alisema tu, "Nenda dada. Nenda umrudishe."

Sokoni nilitafuta tumbaku. Mtu aliyetumia nusu ya umri wake kutaka watu waache tumbaku alipita kati ya dagaa na nazi akiulizia tumbaku. Muuzaji alikuwa mzee mwenye kofia ya kufuma, akaniuliza ya kuvuta au ya kunusa.

"Ya makaburi," nikasema.

"Ah. Basi chukua hii," akavuta fungu kutoka chini ya meza. "Hiyo nyingine nyepesi, wazee hawaitaki."

Nilinunua pia jiko dogo la gesi, la kichwa kimoja, mtungi wake chini. Nilidhani hapo nimemaliza. Nilikuwa nimeshapanga kichwani: shamba litakuwa lake, na pumzi itakuwa yake, na mimi nitalala.

Jumanne tulipanda. Bodaboda mbili mpaka mwisho wao, kisha miguu. Mtungi niliubeba mwenyewe, kichwani, kwa kipande cha kitenge, na kila baada ya kona nautua. Mama alikuwa mbele, jembe mkononi, anapanda bila kusimama, anasalimiana na kila mlango. Nilimwangalia mgongo wake na nilifurahi, siwezi kukataa. Alikuwa anapumua vizuri.

Asubuhi ya tambiko mjomba alimpokea mama kama mtu aliyetoka sokoni. Hakuuliza kitu. Makaburi ya kwetu yako kwenye kichaka ambacho hakikatwi, na tulikwenda watu wachache, wanawake wengi zaidi. Mama alichuchumaa, akachukua ile tumbaku ya sokoni kidogo kidogo, akaiweka ardhini, akasema maneno ya Kiluguru. Kisha akabadili, akasema Kiswahili, na nilijua ni kwa ajili yangu.

"Huyu ni mwanangu. Yenu aliichoma, hakujua. Hii amenunua. Mpokeeni hivyohivyo, anakaa mjini."

Watu waliguna kwa kicheko. Mimi nilitazama miguu yangu. Mchana uleule mama alikuwa shambani, amekata nyasi, amefungua mistari ya kwanza, na mjomba alipita njiani, akasimama, akaangalia ule udongo mweusi uliopinduliwa, akasema, "Poleni na kazi," akaenda zake. Yule binti mwenye watoto watatu naye alikuja kusaidia kulima. Shamba likawa limebaki la mama, na hakuna aliyelitaja tena.

Jioni nilimfundisha mama lile jiko la gesi. Alilisikiliza likiwaka, akalizima mwenyewe, akaliwasha tena, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Ni zuri," akasema. "Nitawapikia wageni."

"Si la wageni, mama. Ni la kila siku."

"Na mtungi ukiisha, nani atapandisha mwingine?"

Niliwaza ile njia. Niliwaza zile kona zote nilipoutua mtungi. Yeye hakungoja jibu. Alilibeba lile jiko kwa mikono miwili, akaliweka ndani, juu ya sanduku la nguo, akalifunika kwa kitambaa alichokuwa amekidarizi. Kisha akaingia kwenye nyumba ya jikoni, na nikasikia akivunja kuni.

Nilibaki nje. Moshi ukaanza kutoka chini ya paa, pande zote, kwa kuwa tundu la moshi halipo. Chini kule taa za Morogoro zilikuwa zinawaka moja moja, na Bigwa ilikuwa kipande kidogo gizani ambacho ningeweza kukifunika kwa kidole. Maji yalikuwa hayajachemka nilipokisikia kikohozi. Kwanza mara moja, kikavu. Kisha kile chenyewe, kinachoanzia chini.

Nikaenda mpaka mlangoni. Mama alikuwa amechuchumaa mbele ya moto, amefumba macho, anangoja kipite. Kilipopita alijifuta kwa ncha ya khanga, akaniona nimesimama.

"Haya," akasema, "na jiko hili nalo utalichoma wapi?"

Nikaingia, nikavuta kigoda nikakaa karibu yake. Tulikunywa chai.